Vijiko vya Dosinda

Miaka kumi na moja bila unga.
Kila asubuhi nauambia mwili wangu hivyo
nao huitikia kama darasa zima:
ndiyo, mwalimu.

Mama kafa Jumanne.
Nimerudi Vigo kuhamisha vyombo vyake
chini ya mvua ya huku, isiyonyesha wala kukatika,
iliyoning'inia tu kati ya kuta za mawe.

Nilikusudia kupita barabara kuu.
Kwenye duka la dawa miguu ikakata kushoto.
Duka lenyewe siku hizi linauza simu,
lakini miguu haikuletewa habari hizo.

Ngazi thelathini na nne. Sijawahi kuzihesabu mimi.
Na pale orofa ya pili, mbele ya mlango wa Chelo,
(Chelo yuko kaburini tangu kabla ya yuro)
pua ikaanza kutiririka,
miayo mitatu mfululizo, tumbo likajikunja,
arosto!
Arosto ya miaka kumi na moja, ya moto,
kama mkate uliotolewa tanuri sasa hivi.

Mlango ukafunguliwa. Binti mmoja, mtoto begani.
"Wewe ndiye Brais? Pole kwa msiba."
Nikamshukuru,
mkono u mfukoni, unatafuta noti.

Huwa naulizwa: uliona raha gani?
Raha ilihama mwaka wa pili.
Iliondoka usiku, haikuaga,
funguo ikamwachia mazoea.
Naye mazoea ni mpangaji asiyedai starehe;
mpe saa ileile, kona ileile,
mkwaruzo wa kiberiti,
atakulipia kodi kwa damu yako mwenyewe.
Mazoea yana taabu, walisema.
Sikusikia waliposema yana subira.

Mama alipanga dagaa kiwandani miaka thelathini na mmoja.
Usingizini vidole vyake viliendelea:
kichwa, mkia, kichwa, mkia,
kopo baada ya kopo, hewani.
Utotoni nililala kando yake
naye akanipanga.

Mwaka ule vijiko vilipoanza kurudi
vimeungua matako,
alivificha vyote.
Tukanywa supu kwa vikombe.
Kahawa tukakoroga kwa mpini wa uma.
Sikuuliza. Hakusema.

Nikaacha. Nikaenda mbali, nikapata kazi ya kupaka rangi meli,
nikapata meno mapya.
Kila Krismasi nilikuja na keki
na kila Krismasi supu ya kabichi ikaja kwenye kikombe.
Mwaka wa saba nilipiga meza.
"Mama, huniamini?"
Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.
"Nakuamini," akasema,
akaenda kuosha vikombe.

Leo nimeviona.
Chini ya godoro, ndani ya kitambaa cheupe
alichofungia nywele kiwandani:
vijiko kumi na viwili,
na daftari la mraba, la shule.
Tarehe, kisha hesabu.
Kumi na viwili. Kumi na viwili. Kumi na viwili.
Kila usiku. Ile Krismasi ya meza pia.
Ukurasa wa mwisho mwandiko unateleza nje ya mstari:
Jumatatu, kumi na viwili.

Nilikaa kitandani nikiwa nimejiandaa kuudhika.
Nilikuwa na hotuba.
Kisha nikakumbuka noti, pale ngazini,
vidole vyangu vilivyoitafuta,
nikafunga daftari.

Chini mtoto analia, ananyamazishwa, analia.
Nimechemsha kahawa.
Vijiko nimevipanga mezani vinasubiri sanduku,
vinang'aa, kasoro vile viwili ambavyo hakuweza
kuvisugua vikatakata.
Nimetia sukari.
Nimeshakunywa nusu kikombe
ndipo natambua ninachokorogea:
mpini wa uma,
na sukari, kama siku zote,
imebaki chini.